Je, imani inabadilisha tunachokiona, au namna tunavyokieleza tu?

Mwanakatindo:
Ndugu wa Goma, naomba mnisaidie kutafakari. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, anga juu ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu, ilipowaka, mama mkubwa, ambaye nyumba yake ya Birere ilifunikwa na lava mwaka 2002, aliwakusanya watoto na kushika njia ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, bila kungoja tangazo. Jirani yetu alibaki akila, akisema kwamba ni wekundu wa kila usiku, kwa kuwa ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta lilikuwa limetuzoesha mwanga huo. Je, waliona kitu kimoja wakakielewa tofauti, au imani ilikuwa imekwisha kuyaingilia macho yenyewe?

Mwalimu wa Himbi:
Mimi nasema iliyaingilia. Mwaka 1949, wanasaikolojia Bruner na Postman wa Marekani waliwaonyesha watu karata kwa muda mfupi mno, wakichanganya humo shupaza nyekundu, karata ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuishika. Wengi walitaja bila wasiwasi shupaza nyeusi au kopa, na wengine waliona rangi ya katikati, kama zambarau au kahawia. Hao wa zambarau ndio wanaonishawishi, kwa sababu rangi hiyo haikuwa kwenye karata wala katika mazoea yao.

Msomaji wa Keshero:
Kwa heshima zote, Mwalimu, karata iliyopita kama umeme inampa mtu nafasi ya kubahatisha. Chora mistari miwili iliyo sawa, mmoja uwe na vichwa vya mshale vinavyotazama nje na mwingine vinavyotazama ndani, kama alivyofanya mtaalamu Mjerumani Müller-Lyer mwaka 1889. Hata ukiipima kwa rula na kusadiki kabisa kwamba ni sawa, mmoja utaendelea kuonekana mrefu. Mwaka 2016, wanasaikolojia Firestone na Scholl walitetea hoja hiyohiyo, kwamba imani hutawala uangalifu wetu, kumbukumbu na hukumu, lakini haifiki kwenye kuona kwenyewe.

Mama wa Majengo:
Nyote mnazungumzia macho tu. Baada ya mlipuko ule, matetemeko yalipofuatana siku nyingi, lori likipita barabarani tulikuwa tunatoka nje mbio. Miguu yetu ilihisi ardhi ikitikisika, na hakuna aliyekuwa ameketi kutoa hukumu. Kwa mama mkubwa wako sishangai, maana aliyepoteza nyumba hufundishwa na hasara yake.

Mwanakatindo:
Asante, Mama, lakini hapo ndipo panaponitatiza zaidi. Jirani yetu naye alikuwapo Goma mwaka 2002, ila alikaa Himbi, ambako lava haikufika, na tangu hapo anaamini kwamba mlima hutisha zaidi ya unavyodhuru. Mlipuko uleule ulimpa kila mmoja imani yake. Mwalimu na Msomaji, hilo mnalielezaje?