Ukoo wa Babu (Kongwa, Dar na Ughaibuni)

Mjomba Yona: Wanangu, habari za jioni. Nimetoka mkutano wa kijiji. Kuna wanaotaka vibali vya mifugo asikague tena bwana mifugo, kazi apewe polisi kata. Mnasemaje?

Neema: Shikamoo mjomba. Mi naona afadhali. Bwana mifugo mwenyewe mmoja kata nzima, pikipiki haina mafuta.

Mjomba Yona: Marahaba mama.

Baba Chiku: Afadhali ya wapi! Mwaka jana tunakwenda Pugu, Fuso ina ng'ombe 14, kibali 14. Mimi na mbuzi wangu wawili pembeni. Getini afande kamulika tochi, kahesabu, 14, nendeni. Bwana mifugo alikuwa ameomba lifti hadi Morogoro. Akapitisha kiganja kwenye paja la dume jekundu. Chapa mbichi, kigaga hakijakauka, na chini yake kovu la chapa nyingine. Dume la watu lile.

Neema: Akamkamata?

Baba Chiku: Amkamate na nini, kalamu? Kasema "hili lishuke", mwenye mzigo akacheka. Mpaka tulipomwita afande arudi.

Shangazi Mele: Ndo hapo sasa. Mmoja ana macho, mwenzie ana pingu 😂

Neema: Si polisi wana kikosi cha wizi wa mifugo?

Mjomba Yona: Wanacho, ila huja kufuata nyayo. Ng'ombe kashaondoka.

Joel (Texas): Shikamooni. Huku chama cha wafugaji, cha tangu 1877, kina wakaguzi wanaoandika chapa za ng'ombe mnadani. Halafu kina askari wake wa wizi wa mifugo, mamlaka wamepewa na idara ya usalama ya jimbo. Bunduki wanayo, na ng'ombe wanamjua.

Shangazi Mele: Mshahara?

Joel (Texas): Chama.

Mjomba Yona: Chama chetu mweka hazina hapokei simu.

Mama Chiku: Mnaongelea wezi tu. Kibali ni cha magonjwa pia, ndiyo sheria ya 2003. Ng'ombe anadondosha udenda, anachechemea, bwana mifugo anajua hiyo ni miguu na midomo, mnada ufungwe. Afande atasema kachoka na safari.

Neema: Na hizi heleni zenye namba?

Baba Chiku: Mwizi anakuja na kisu, Neema. Sikio linabaki porini.

Mjomba Yona: Basi kesho nikaseme nini?

Baba Chiku: Wakae meza moja pale mnadani. Bwana mifugo ashike mnyama kwanza, polisi agonge muhuri baadaye.

Shangazi Mele: Na mafuta ya pikipiki, usisahau.

Neema: Baba Chiku, wale mbuzi wawili walifika?

Baba Chiku: Walifika watatu, mmoja alizaa njiani. Geti la pili afande akaniuliza kibali cha kitoto kiko wapi.