Pesa za korona za wakulima: daftari letu la Sabaki lilienda wapi?

Jamani, haya nimeyaweka kifuani tangu 2020. Leo nayatoa kwa sababu jana barazani nimemsikia mtu akisema wakulima wa huku Malindi "walisaidiwa wakati wa korona". Walisaidiwa akina nani?

Mimi nalima kando ya mto Sabaki, ng'ambo ya daraja. Januari 2020 nilipanda tikiti maji ekari moja na nusu, mbegu za kununua, petroli ya pampu kwa mkopo wa chama. Wateja wangu walikuwa mahoteli ya mjini na broka mmoja wa Mombasa. Machi tikiti zikaiva. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, hoteli zikafunga mageti. Tarehe 27 ikaingia kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mkulima anajua maana yake: sisi hutoka shamba saa tisa usiku ili kukipambazuka tuwe sokoni. Aprili kaunti nzima ya Kilifi ikafungwa. Malori ya chakula yaliruhusiwa, ndiyo, lakini broka wangu alinipigia simu akasema Mombasa hana wa kumuuzia.

Tikiti likishaiva halikungoji. Zilianza kupasuka kwa jua, umekaa kibandani unasikia pa! kule mwisho wa shamba. Ukienda, nyama yake imeshageuka maji, inanuka uchachu, nyuki wamejaa. Mke wangu aliokota nzima akagawia majirani, zilizobaki zikaliwa na mbuzi.

Mei 23 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuinua uchumi. Ndani yake bilioni 3 za pembejeo, kwa vocha za simu, kwa wakulima wadogo 200,000. Nilipiga hesabu palepale: 15,000 kwa kila mmoja. Singetajirika, lakini ningerudi shamba. Wenye maua na mboga za kuuza ng'ambo nao wakatengewa bilioni 1.5 yao.

Mzee wa kijiji akapita na daftari. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Tukaambiwa tungoje ujumbe. Basi nikawa nalima simu nimeifunga kiunoni kwa kitambaa, ikilia tu natupa jembe. Juni kaunti ikafunguliwa, Juni ikapita, Julai ikapita. Ujumbe uliokuja ulikuwa wa mweka hazina wa chama, akinidai.

Agosti nikaenda ofisini. Karani, kijana wa kumzaa mimi, akaniuliza, "Mzee, hati ya shamba unayo?" Hati! Huku Mwambao watu wanalima alipolima babu na babu wa babu, karatasi hawana, na serikali inalijua hilo miaka yote. Daftari lilipoandikwa mbona hakuna aliyeuliza hati? Nikamwambia sawa, nionyeshe orodha tu, nione kama jina langu lilifika. Akaweka kiganja juu ya faili: "Hii si ya kuonyeshwa watu."

Hapo ndipo nilipoumia kuliko siku ya tikiti. Korona haikuletwa na karani, na hasara ya shamba ni kazi ya Mungu, nimeikubali. Lakini pesa zimetangazwa hadharani, mimi nimetia sahihi hadharani, orodha inafichwa kwa ajili ya nani? Ingebandikwa ukutani kwa chifu tangu siku ile, hata kama jina langu halimo, nisingeandika uzi huu.

Deni la chama nilimaliza 2022, kwa kuuza mbuzi walewale.

Sasa naomba. Kama kuna mkulima yeyote kuanzia Sabaki, Gongoni mpaka Marafa aliyepata vocha ile, aandike hapa chini: ilifika mwezi gani, alichukulia duka gani, alipewa mifuko mingapi. Na aliyeandikwa kwenye daftari kama mimi asipate, naye aseme.