Naomba ushauri: krosi za shafti za nyuma, Datsun 240Z

Wakuu, habari za Arusha. Nina Datsun 240Z ya mzee wangu, ndugu wa zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Naipenda mno, sitaki kuiharibu kwa kubahatisha.

Nikiachia klachi inagonga "ko!" nyuma, na nikitoa rivasi kuingiza namba moja inagonga tena. Nimeingia chini nikazishika kwa mkono zile shafti mbili za kutoka kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma) kwenda kwenye matairi: krosi zote nne, yaani viungo vya msalaba vinavyoiruhusu shafti kujikunja ikizunguka, zina mchezo, moja imetoa vumbi jekundu la kutu.

Fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited anataka kuzitoa krosi kwa nyundo. Roho inasita, maana uma wa shafti, ule unaoshika krosi, ukipinda, nitaupata wapi mwingine? Mimi nafikiria presi, au jiliwa kubwa na soketi mbili.

Waliowahi kufanya hii kazi: nifunge krosi zenye nipo (kichuchu cha kupigia grisi) au zilizozibwa kabisa, kwa vumbi letu hili? Na vile viringi vya kubana vikombe vya beringi kwenye ncha za krosi, mlipataje vyenye unene sahihi?