Naomba ushauri: S24 Ultra iliyotumika, nichukue au niache?

Wakuu, mimi dalali wa mahindi hapa Kibaigwa. Wateja wa Dar hawatumi hela mpaka waone punje. Jana nimeonyeshwa Samsung Galaxy S24 Ultra iliyotumika, nikapiga picha punje moja: tobo la dumuzi (yule mdudu anayetoboa mahindi) likaonekana mpaka unga wake! Na kioo kinasomeka hata kwenye jua la saa saba.

Ila ina zaidi ya gramu 230, mfukoni ni jiwe kabisa. Haina sehemu ya memori kadi. Kioo kikipasuka si ndo nimeuza magunia? Betri ni mAh 5,000, lakini nilishawahi kuuziwa simu iliyokwisha funguliwa na fundi, ikazima nikiwa napakia fuso.

Mlionayo, chaji inafika jioni? Na nitajuaje kioo hakijabadilishwa?