Seli T za mtoaji: kwa nini zisiondolewe zote kabla ya upandikizaji wa uboho?

Mdarubini
Habari zenu wakuu. Naomba ufafanuzi kwa wanaoshughulika na upandikizaji wa seli shina za damu. GVHD, yaani pandikizi kushambulia ngozi, ini na utumbo wa mpokeaji, huletwa na seli T (chembe nyeupe za kinga) zinazoingia pamoja na seli shina za mtoaji. Mashine za kuzichuja kwa sumaku zipo. Kwa nini basi zisiondolewe zote, mgonjwa akapewa seli za CD34 (alama ya seli shina za damu) tupu? Jambo la pili: pandikizi likishashika, ni seli zipi za kinga za kufuatilia? Maelezo mengi huishia kwenye nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria.

Uboho_Mwekundu
Mkuu, hilo lilijaribiwa miaka ya 1980. GVHD ilipungua sana, lakini yakajitokeza matatizo mawili. La kwanza, mapandikizi mengi zaidi yalikataliwa. Hata baada ya tibakemikali na mionzi, mpokeaji hubaki na masalia ya seli T zake mwenyewe, na zinazoyamaliza masalia hayo ni seli T za mtoaji. La pili, lukemia ilirudi kwa wengi zaidi, hasa kwa wenye CML, yaani lukemia sugu ya mayeloidi.

Mwaka 1990 Horowitz na wenzake walichambua kumbukumbu za wagonjwa waliopandikizwa uboho wa ndugu wanaolingana HLA, yaani alama za seli ambazo kinga hutumia kutambua mwili wake na mgeni. Waliopata GVHD walirudiwa na lukemia mara chache kuliko wasioipata. Waliopewa uboho wa pacha wa kufanana walirudiwa zaidi. Seli T za pacha wa kufanana hazioni antijeni ngeni kwa ndugu yake, kwa hiyo hazina la kushambulia. Mwaka huohuo Kolb na wenzake wakaonyesha kwamba wagonjwa wa CML waliorudiwa wanaweza kupona wakitiwa limfosaiti za mtoaji pamoja na interferoni. Kwa hiyo seli inayounguza utumbo ndiyo hiyohiyo inayosaka lukemia. Kinachoamua ni seli zipi, ngapi, na lini.

Idadi hutegemea chanzo. Damu iliyokusanywa mishipani baada ya sindano za G-CSF (dawa inayosukuma seli shina kutoka mfupani kuingia kwenye damu) huwa na seli T takriban mara 10 ya uboho uliovutwa mfupani. Hushika haraka zaidi, lakini GVHD sugu huwa nyingi zaidi. Seli za CD34 zisipungue milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wa mpokeaji; wengi hulenga milioni 4 au 5.

Kuhusu aina, siku hizi wanaochuja hawachuji zote. Wengine huondoa seli T zenye kipokezi cha alfa-beta na kuacha za gama-delta pamoja na seli NK (seli za kinga zinazoua bila kuhitaji kufunzwa antijeni). Wengine huondoa seli T changa, zile ambazo hazijawahi kukutana na antijeni, na kuacha zenye kumbukumbu ya virusi. Njia hii ya pili imepunguza GVHD sugu.

Wakati ndio naona umebadilisha fani kuliko yote. Katika utaratibu wa Johns Hopkins kwa watoaji wanaolingana nusu, pandikizi huingia na seli T zake zote, kisha siklofosfamaidi 50 mg kwa kilo hutolewa siku ya +3 na ya +4, siku ya 0 ikiwa ya kupandikiza. Siku hizo seli T zilizoutambua mwili wa mpokeaji kuwa mgeni zinagawanyika kwa kasi, na dawa huzikuta humo. Seli shina na seli T za udhibiti zina kimeng'enya kingi cha aldehaidi dehidrojenasi kinachoivunja dawa, kwa hiyo hunusurika.

Kosa linaloharibu mpango huu ni steroidi kati ya siku ya 0 na ya +4. Homa kali ni kawaida siku hizo, na anayeitibu kwa steroidi, au kutoa deksamethasoni kwa ajili ya kichefuchefu, hupunguza ule mgawanyiko, na siklofosfamaidi hukosa cha kuua. Homa ichunguzwe, damu ioteshwe maabara, antibiotiki zianze, steroidi zisubiri. Takrolimasi na mikofenoleti, dawa za kushusha kinga, huanza siku ya +5. Mesna (dawa ya kulinda kibofu) na maji ya mishipani visisahaulike, la sivyo kibofu hutoka damu.

Saitometa
Naongezea kwenye swali la pili. Nyutrofili zikizidi 0.5 × 10⁹ kwa lita siku tatu mfululizo, tunasema pandikizi limeshika. Hapo mgonjwa amepata ulinzi wa bakteria kwa sehemu, na bado yuko mbali na usalama.

Seli NK hurudi mapema, ndani ya mwezi wa kwanza hivi. Mwaka 2002 kundi la Perugia lilionyesha kwamba katika pandikizi lililoondolewa seli T, seli NK za mtoaji zisizoiona HLA zilizoizoea zinaweza kuua lukemia ya mayeloidi bila kuleta GVHD. Matokeo hayo yasihamishiwe moja kwa moja kwenye mapandikizi yenye seli T zote. Huko tafiti hazikubaliani.

CD4, yaani seli T saidizi, ndizo za kuvutia subira. Zinahitaji thaimasi, tezi ya kifuani zinamokomaa seli T, ambayo kwa mtu mzima imeshasinyaa na GVHD huiumiza zaidi. Kufika 200 kwa mikrolita huchukua miezi mingi, mara nyingi kati ya 6 na 12. Hadi hapo dawa za kukinga Pneumocystis (kuvu wa mapafu) zisikatishwe, na virusi vya CMV (sitomegalo) vipimwe kwa PCR, kipimo cha vinasaba, kila wiki, angalau hadi siku ya 100. Anayetumia steroidi anaweza kuwa na idadi nzuri kwenye karatasi huku seli hazifanyi kazi, kwa hiyo namba isikufanye ulegeze ufuatiliaji.

Seli B, zinazotengeneza kingamwili, huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Ndiyo maana chanjo hurudiwa upya kama za mtoto: ya nimonia kuanzia miezi 3 hadi 6, nyingine zisizo hai kuanzia miezi 6. Chanjo hai kama ya surua hazitolewi kabla ya miezi 24, na hapo pia kwa asiye na GVHD wala dawa za kushusha kinga.

Kipimo kinachosahaulika ni uwiano wa seli za mtoaji na za mpokeaji. Ukipima damu nzima unaweza kusoma asilimia 95 ya mtoaji, kwa sababu nyutrofili ndizo nyingi, kumbe kwenye seli T mtoaji yuko chini ya nusu na pandikizi linaelekea kukataliwa. Omba CD3 (seli T) ipimwe peke yake na CD33 (seli za mayeloidi, zikiwemo nyutrofili) peke yake.

Mdarubini
Asanteni sana. Je, lukemia ikirudi, huongezwa tu limfosaiti za mtoaji yuleyule?

Uboho_Mwekundu
Si haraka hivyo. Kwanza dawa za kushusha kinga hupunguzwa, kama hakuna GVHD. Kisha dozi hupandishwa kwa hatua: kwa mtoaji asiye ndugu huanzia karibu seli milioni 1 za CD3 kwa kilo, kwa ndugu anayelingana milioni 10, kwa anayelingana nusu chini zaidi. Kati ya dozi na dozi husubiriwa wiki kadhaa, kwa kuwa GVHD inaweza kuchelewa kujitokeza. Kadiri ulivyo karibu na siku ya kupandikiza, ndivyo dozi ileile inavyokuwa na hatari zaidi.

Kwa mtoaji anayelingana nusu kuna mtego. Lukemia inaweza kuitupa ile nusu ya HLA isiyolingana kwenye kromosomu ya 6 na kuirudufu nusu inayofanana na ya mtoaji. Seli T zake haziioni tena, na kumwongezea mgonjwa limfosaiti hizo ni kumpa hatari ya GVHD bila faida. Pima HLA ya seli za lukemia zenyewe kabla ya kuamua. Ikiwa imetupwa, tafuta mtoaji mwingine mwenye nusu tofauti.

Saitometa
Na la benki ya damu. Damu na plateleti anazoongezewa mgonjwa zina limfosaiti za watu wengine, na hizo nazo zinaweza kumletea GVHD ambayo karibu kila mara huua. Zipigwe mionzi ya 25 Gy (grei, kipimo cha mionzi), na agizo liwekwe kwenye mfumo kabla ya tibakemikali ya maandalizi kuanza. Mfuko wa seli shina wenyewe na ule wa limfosaiti za mtoaji visipigwe mionzi kamwe, wala visipitishwe kwenye kichujio cha chembe nyeupe. Andikeni hivyo kwenye lebo, kwa herufi kubwa.