Mpira ulikuwa hai, mwamuzi akauua: malalamiko kuhusu mchezo wa besiboli wa shule hapa Mbeya

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Katika mashindano ya shule yaliyochezwa Mbeya mwishoni mwa juma, vijana wetu waliosafiri kutoka Iringa walinyang'anywa ushindi na mwamuzi anayeamini kwamba rufaa ya nusu-mpigo (ombi la kumuuliza mwamuzi wa besi kama mpigaji aliyezuia gongo lake alikuwa amekwisha kulizungusha) husimamisha mchezo.

Ilikuwa iningi (raundi) ya mwisho, matokeo ni sare, sisi ndio tunaopiga, auti mbili (wenzetu wawili wamekwisha kutolewa, wa tatu akitolewa zamu yetu inakwisha), mkimbiaji wetu yuko besi ya tatu, na mpigaji ana boli tatu (mirusho mibaya aliyoiacha; ya nne humpa besi ya kwanza bure) na straiki mbili (mirusho inayohesabiwa dhidi yake; ya tatu kwa kawaida humtoa). Mpira ulirushwa chini ukadunda kwenye matope. Mpigaji akaanza kuzungusha gongo kisha akalizuia, na mpira ukampita mdakaji, yule mchezaji wa wapinzani anayekaa nyuma ya mpigaji, hadi kwenye wavu. Mwamuzi mkuu akaita boli. Kabla mdakaji hajauokota mpira, mpigaji alikwisha kuikanyaga besi ya kwanza na mkimbiaji wa besi ya tatu alikwisha kuingia nyumbani na kutupa pointi. Hapo ndipo mdakaji akaomba mwamuzi wa besi aulizwe, naye akajibu kwamba mpigaji alikuwa amelizungusha gongo, kwa hiyo ni straiki. Mwamuzi mkuu akatangaza straiki ya tatu, auti ya tatu, pointi imefutwa. Tukaingia iningi ya ziada, tukashindwa.

Sibishani na jicho la mwamuzi wa besi. Sheria haitaji kifundo cha mkono kugeuka wala ncha ya gongo kuvuka sahani (besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji), ingawa makocha wengi huku kwetu hufundisha hivyo. Inauliza tu kama mpigaji aliukusudia mpira kwa pigo lake, na anayejibu ni mwamuzi. Mdakaji naye alikuwa na haki, kwa sababu rufaa huombwa pale tu mwamuzi mkuu alipoita boli, kabla ya mrusho unaofuata, na mwamuzi mkuu akiombwa hana hiari ya kukataa kumuuliza mwenzake.

Kosa lilianzia baada ya jibu. Sheria inasema waziwazi kwamba mpira unabaki hai, yaani mchezo unaendelea, wakati wa rufaa hiyo. Tena, straiki ya tatu ambayo mdakaji hakuidaka haimtoi mpigaji ikiwa besi ya kwanza haina mtu, au ikiwa auti ni mbili hata kama ina mtu: ni lazima aguswe kwa mpira, au mpira umtangulie kwenye besi. Kwetu masharti yote mawili yalikuwapo, na hakuna aliyemgusa wala aliyerusha mpira kwenye besi ya kwanza. Sasa hiyo auti ya tatu ilitoka wapi?

Nilipouliza, niliambiwa kwamba mdakaji alipotoshwa na wito wa boli. Ni kweli waamuzi wanaruhusiwa kurekebisha madhara ya uamuzi uliogeuzwa, lakini mdakaji ambaye mpira uko wavuni na mpigaji amekwisha kufika besi hakupoteza auti yoyote ya kurudishiwa. Isitoshe, sheria hiyohiyo inawaonya wakimbiaji na mdakaji wawe macho, kwa kuwa boli inaweza kugeuzwa kuwa straiki. Filimbi ya soka husimamisha kila kitu. Katika besiboli, mpaka mwamuzi aite muda, yaani asimamishe mchezo, au mpira ufe kwa sababu iliyoandikwa, mchezo unaendelea, na siku ile hakuna aliyeita muda.

Ninawataka waandaaji waitishe kikao cha waamuzi, wasome kifungu hicho mbele ya makocha wa timu zote mbili, na waandike matokeo upya kwa kuihesabu pointi ile.