Gari la namba T limefungwa mnyororo mjini Nairobi. Namba mnaiandikaje mnapolipa maegesho?

Mama Neema, Kilimani
Wapendwa, habari za jioni. Jana niliegesha mtaa wa Koinange, nikalipa kwa simu kabla hata sijafunga mlango. Narudi saa nane, gurudumu lina mnyororo. Dirishani naambiwa malipo "hayaonekani", mfumo hauitambui namba ya Tanzania. Meseji ya kukatwa pesa dada hata hakuitazama. Nikalipa na ya kufunguliwa. Naomba mwenye gari la namba T anisaidie: mnaanza na T, au mnaanza na tarakimu? Mnaacha nafasi? TIP yangu, kibali cha muda cha kuingiza gari la nje, iko hai mpaka mwisho wa mwezi.

Shabani, South B
Pole dada. Hiyo TIP kaiongeze mapema KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ubebe na kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvuka mpaka. Yangu iliisha siku mbili kabla sijafika mpakani, nikalala kwenye kiti cha mbele na nusu mkate.

Mzee wa Lang'ata
Shabani, TIP ni ya forodha, haihusiani na maegesho. Soma swali ndipo ujibu. Nami nauliza: gari la nini katikati ya mji? Nilipohamia hapa kuegesha kutwa ilikuwa shilingi 140. 2013 ikawa 300, watu wakapiga kelele wiki moja, kisha wakalipa na foleni ikabaki palepale. Sonko naye, gavana wa Nairobi wakati huo, Desemba 2018 alizuia magari, watu wakaingia mjini kwa miguu kutoka Ngara, na agizo halikumaliza siku mbili.

Da Zuhura
Shikamoo mzee. Samahani, Sonko alizuia matatu. Aliyebeba watu 14 akaachwa nje, aliyebeba mkoba wake akapita. La gari binafsi ni tangazo jingine, la Macharia, Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule: Jumatano na Jumamosi bila magari, kuanzia Februari 2019. Jumatano hiyo bado naisubiri.

Mzee wa Lang'ata
Marahaba. Gari ni gari, mwanangu.

Da Zuhura
Hapana mzee, hapo ndipo tunapokosea wote.

Frank, Rongai
Zuhura ana hoja. Shemeji yangu yuko London, wanatozwa kuingia na gari katikati ya mji tangu 2003, ila chini ya ardhi kuna treni. Mimi huku Rongai, wingu likikusanyika tu nauli imepanda. Nizuilieni kigari changu, sawa, lakini basi lianze kwanza. Dar tuna mabasi ya mwendokasi tangu 2016, Kimara mpaka Kivukoni, njia yake peke yake.

Da Zuhura
Na ulivyokuwa unabanwa mlangoni pale Kimara saa moja asubuhi umeshasahau.

Frank, Rongai
Nilibanwa, lakini nilifika.

Shabani, South B
Mmenitajia Kivukoni nimeishiwa nguvu. Samaki wa Feri, soko la pale pale, anatoka kwenye mafuta, ndimu, pilipili, na pantoni inapiga honi. Huku samaki analetwa na ugali nakula tu kwa heshima ya mwenyeji.

Mama Neema, Kilimani
Jamani. Kwa hiyo T inaandikwa au haiandikwi? Kesho natakiwa mjini tena.

Mzee wa Lang'ata
Shabani, nyumbani unakwenda lini? Niletee dagaa.

Shabani, South B
Ijumaa, mzee, kwa basi. Wa Mwanza au wa Kigoma?

Mzee wa Lang'ata
Unaniuliza?